Kwa Abti Kulow, Kuhusu Mtu Aliyehesabu Mababu Zetu

Bula Iftin,
Garissa, Kenya.
Jumanne, 20 Januari 2026.

Mpendwa Abti Kulow,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ni mimi Rukiyo, binti wa dada yako Amino, yule uliyekuwa ukimwita Mdomo kwa sababu hakujua kunyamaza. Ulipoondoka nilikuwa kidato cha pili. Sasa nina miaka ishirini na saba, na mdomo ni ule ule, kwa hiyo jiandae kusoma.

U hali gani, Abti? Kifua chako kimepona? Dada yako, Hooyo wangu, anasema kilikuwa kikikusumbua kila kukiwa na baridi, na nasikia huko Tunduma watu huvaa makoti asubuhi. Kama una mke na watoto, nawasalimu hata kabla sijayajua majina yao. Sisi tu wazima, alhamdulillah. Hooyo ana sukari kidogo na miwani mpya ambayo huipoteza kila siku juu ya kichwa chake mwenyewe. Mvua za vuli zilitunyima mwaka jana na mbuzi wa watu wamekonda, lakini shamba la Balambala linapata maji ya mto, na ndizi zipo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali tunakiongea mchana kutwa, lakini kukiandika hatukufundishwa, si wewe si mimi. Na nimeandika kwa mkono, kwenye karatasi, badala ya kukutafuta mtandaoni. Sababu yake utaiona mbele.

Kwanza nikupe habari nzito, nisije nikaichanganya na nyingine. Aabo alifariki miaka minne iliyopita, mwezi wa Rajabu. Aliugua kwa muda mfupi na alikwenda kwa utulivu. Tulipiga namba yako ya zamani mpaka tukachoka. Mwombee dua. Najua mlikuwa marafiki kabla hajawa shemeji yako.

Mimi nafanya kazi katika ofisi ya Ushirika wa Mashamba ya Mtoni, ule ambao wewe na Hooyo ni wanachama tangu baba yenu, Awowe, alipowagawia shamba nusu kwa nusu. Wanachama wetu wametapakaa. Wako Eastleigh, wako Bute na Kutulo, wako Ulaya, na mmoja yuko Australia anachunga kondoo wa watu. Zamani mtu wa mbali akitaka kukodisha au kuuza kipande chake alipanda basi, au alimtuma ndugu na karatasi, na baadhi ya karatasi zile, Abti, zilikuwa na saini za watu waliokwisha kuzikwa. Tangu mwaka juzi mambo hayo yanafanyika kwa simu. Mwenye shamba anafungua programu ya ushirika, anaonyesha kitambulisho, kisha anaitazama kamera. Mtambo unalinganisha uso wake na picha iliyo kwenye faili letu, halafu unamwambia apepese macho, ageuze kichwa kushoto, ageuze kulia, ili ujue kwamba mbele yake yuko mtu anayepumua na si picha iliyoshikwa mkononi. Wanachama wanauita kioo. Kazi ya kioo iko mezani kwangu, naijua vizuri, na sioni haya kusema hivyo. Akina mama wanaovaa nikabu nawapeleka chumba cha ndani, nafunga mlango, na hakuna mwanaume anayeuona uso wao.

Kioo nacho kina makosa yake. Kuna wazee kinawakataa bure kwa sababu picha za vitambulisho vyao zilipigwa wakiwa vijana na jua halijawamaliza. Kwa watu hao tuna njia nyingine: jamaa wawili wanaomjua wanakuja ofisini, wanakula kiapo kwamba ndiye, na mkuu wangu Najib anapitisha. Ukumbuke hilo la mashahidi wawili, kwa maana ndipo tulipotaka kuangamia.

Mambo yalianzia kwenye arusi ya kaka yangu Ayanle, mwezi wa nane mwaka jana. Arusi ilifana. Wazee walikaa, na Adeer Adow, ndugu yake Aabo, akasimama akawahesabu mababu wa pande zote mbili, wa kwetu na wa kwa Hooyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka watu wakaanza kuutazama wali. Ikran, mdogo wetu wa mwisho ambaye ulimwacha akitambaa, alirekodi yote akaiweka mtandaoni. Akaongeza picha yako ya zamani, ile uliyovaa kofia ya bluu, na maneno kwamba huyu ni abti wetu Kulow, yuko Tanzania hatujui wapi, anayemjua amwambie dada yake anamlilia, namba ya simu ni hii. Alifanya kwa mapenzi. Sikumgombeza wakati ule kwa sababu hata mimi niliibonyeza moyo.

Wiki tatu baadaye simu ya Hooyo ikalia. Sauti ya mwanaume, nzito kidogo, yenye mafua. Akamwita Amino kwa jina la utotoni lililokuwa kwenye video ile, akasema ni Kulow. Hooyo si mjinga, aliuliza kama wewe mwenyewe ungeuliza: kama wewe ni Kulow, nihesabie. Na yule mtu akahesabu. Akaanza na Awowe, akapanda, baba wa huyu, babu wa yule, kumi na wanne bila kukosea hata mmoja. Hooyo akakaa chini palepale jikoni na vitunguu mkononi. Kwetu mtu akikuhesabia abtirsi namna hiyo, umbishie nini tena? Kitambulisho kinaweza kughushiwa, lakini mababu wanatoka kwenye damu. Ndivyo tulivyolelewa sote, na hata mimi mwenye kioo, nilipoambiwa, nilishangilia.

Baada ya hapo hakuhitaji kujua kitu kingine, kwa sababu Hooyo alimweleza mwenyewe. Yeye aliuliza kidogo tu na Hooyo akajaza. Alimweleza kuhusu ugomvi wenu, jinsi ulivyotaka kuuza nusu yako ununue lori, naye akakataa kutia sahihi, na maneno aliyokuambia mlangoni siku ile. Sikuwa nimewahi kuyasikia maneno hayo, Abti. Alimwambia pia kuhusu kifo cha Aabo, na yule mtu akalia. Alilia naye kwenye simu. Mengine yote naweza kumsamehe siku moja nikizeeka, lakini hilo la kulia simsamehi.

Alipiga kila siku kwa siku nane. Siku ya tisa akasema anaumwa, anahitaji matibabu, na amepata mtu wa kununua nusu yake ya shamba. Alikuwa amekwisha kupeleka ombi kwa ushirika kupitia simu. Unakumbuka sheria yetu: nusu haiuzwi mpaka mwenyewe athibitishwe na mwenzake aridhie. Miaka kumi na mmoja iliyopita Hooyo alikataa kuridhia, na akampoteza ndugu. Safari hii alinijia ofisini asubuhi na mapema, amevaa guntiino yake ya arusi ndani ya buibui, akasema nimletee karatasi aweke kidole. Alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu Aabo afariki.

Lakini ombi lilikuwa limekwama kwenye kioo. Nilifungua faili nikaona lilikuwa limejaribiwa mara nne, kwa kitambulisho ambacho sasa najua ni cha kughushi. Mara mbili za kwanza mtambo ulisema hakuna uhai: mtu alishika picha yako ile ya kofia ya bluu mbele ya kamera, na picha haipepesi macho. Mara ya tatu na ya nne alikaa mtu wa kweli, akageuza kichwa kama alivyoambiwa, na mtambo ukasema huyu si mwenye kitambulisho. Nikamweleza Hooyo polepole. Akanisikiliza, kisha akasema miaka kumi na mmoja si mchezo, mtu anazeeka, huko kuna baridi, na huenda amepaka hina ndevu zake. Nikasema kioo hakijali ndevu, kinapima macho na pua na taya. Akaniambia maneno ambayo bado yananiwasha: “Ndugu yangu kanihesabia mababu kumi na wanne. Simu yako inajua mababu wangapi?”

Nikamwomba basi ampigie kwa video, amwone. Yule mtu akasema kamera ya simu yake imevunjika. Nikamuuliza Hooyo, imevunjika lini, na juzi alikaa mbele ya kioo mara mbili? Akatoka. Alirudi mchana na Adeer Adow, mashahidi wawili kamili, tayari kula kiapo. Adeer Adow alisema msikiti mzima unajua kwamba hakuna mgeni anayeweza kuujua ukoo wetu hivyo, akasahau kwamba ni yeye aliyeutangaza arusini mbele ya simu ya Ikran.

Abti, ulikuwa ni mtihani. Kwa sheria walikuwa na haki ya kuwa mashahidi. Wangeapa, Najib angepitisha, na nusu yako ingekuwa imeuzwa kabla ya Alasiri. Wangekuwa wameapa uongo bila kujua, na hilo lingemuua Hooyo baadaye. Lakini kanuni hiyo ya mashahidi ina mstari mmoja ambao watu huuruka: kabla ya kuapa, shahidi lazima aitazame picha ambayo kioo kilipiga. Wengi huitazama kwa kupitia tu, wanasema ndiye, wanatia kidole. Nilimwomba Najib ruhusa, nikageuza kompyuta, nikamwambia Hooyo avae miwani. Nilimwambia asitazame ndevu wala kofia. Nikamwonyesha picha ile ambayo yule mtu aligeuza kichwa.

Unajua alichokitazama. Sikumwambia mimi, na kioo chetu hakipimi masikio. Alisogeza uso karibu na kompyuta mpaka pumzi yake ikaacha ukungu, akatazama kwa muda mrefu sikio la kushoto. Kisha akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shali, akavaa, akatazama tena. Lilikuwa sikio zima kabisa. Akasema kwa Kisomali, taratibu, kwamba siku ngamia dume alipokung'ata pale kisimani yeye ndiye aliyekufunga kitambaa, na kipande kile cha sikio alikizika kwa mkono wake chini ya mgunga, kwa sababu ulikuwa na miaka saba na uliogopa fisi atakila. Adeer Adow akatoka nje bila kuaga.

Hakulia pale ofisini. Aliniuliza jambo moja tu, kama mtu yule alikuwa akimdanganya tangu siku ya kwanza. Nikasema ndiyo, Hooyo, tangu siku ya kwanza. Akasema, basi Kulow hajapiga. Nami ndipo nikaelewa kwamba kwake shamba lilikuwa halijaingia hata kwenye hesabu. Mimi nilikuwa nimeokoa ardhi na kujiona shujaa, naye alikuwa amempoteza ndugu yake mara ya pili kwa siku moja.

Tuliripoti polisi, na namba ile haijapatikana tena. Ofisini tumebadilisha utaratibu: sasa kila shahidi anaitazama picha ya kioo na kueleza kwa mdomo wake ni alama gani aliyoitambua. Najib anasema wazo ni lake. Sawa, achukue. Ikran ameiondoa video na analala na aibu, kwa hiyo ukimwona usimtaje, mimi nimemtaja ya kutosha.

Sasa nitakuambia tulivyokupata. Tangu siku ile Hooyo alianza kusimama kwenye maegesho ya malori, akimuuliza kila dereva anayekwenda kusini kama amemwona mtu asiye na ncha ya sikio la kushoto. Nilimwambia anatuaibisha. Hakujali. Mwezi wa kumi na mbili Yahye, kijana wa jirani yetu anayeendesha lori mpaka Zambia, akarudi na kusema kwamba Tunduma alinunua fanbelti kwa Msomali mmoja anayeuza vipuri karibu na mpaka, mtu wa makamo anayecheka bila kutoa sauti, mabega yakitikisika tu. Na sikio? Akasema alidhani ni ajali ya lori. Abti, Hooyo hucheka hivyo hivyo. Alimkumbatia Yahye mbele za watu, na unajua Hooyo si mtu wa kukumbatia watoto wa wenzake.

Barua hii anaileta Yahye mkononi mwake. Najua utakapoisoma utajiuliza kama na hii ni ya tapeli, na ukijiuliza nitafurahi. Usiniamini kwa sababu nimemtaja Awowe na ngamia. Tazama kwamba barua yangu haikuombi kitu. Usinitumie kitambulisho, usinitumie picha, na ukipata ujumbe wowote kwa jina langu wenye kitu cha kubonyeza, usibonyeze, si mimi. Nusu yako nimeifunga. Hakuna anayeweza kuiuza wala kuikodisha, hata mimi, hata Najib, mpaka uso wako wewe mwenyewe upite kioo. Ukitaka kuifungua utafanya kwa simu yako ukiwa dukani kwako, ni dakika mbili, na utakaa mahali penye mwanga na kuvua kofia. Hilo halina haraka. Likae hata miaka kumi.

Haraka iko kwenye jambo jingine. Hooyo amenituma nikuambie, na nayaandika kama alivyosema kwa sababu ameketi hapa ananiangalia kalamu. Anasema ridhaa aliyotaka kumpa mwizi ni yako. Kama bado unataka kuuza nusu yako, ataweka kidole siku hiyo hiyo, na yale maneno ya mlangoni anayarudisha, yote. Mimi kwa upande wangu nasema usiuze, kwa sababu matikitimaji ya msimu uliopita yalikuwa makubwa mpaka punda aligoma, lakini mimi ni Mdomo tu, na uamuzi ni wenu wawili.

Namba yake siiandiki hapa. Ni ile laini uliyomnunulia wewe wiki moja kabla hujaondoka. Watu wote hapa wamebadilisha laini mara tatu nne wakifuata ofa. Yeye hajabadilisha, hata simu ilipoibwa sokoni alipanga foleni nusu siku arudishiwe namba ile ile. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Sasa najua alikuwa anakusubiri.

Yahye anakupa salamu zake mwenyewe hapo ulipo. Ayanle na mkewe Fowsiya wanakusalimu, na inshallah kabla ya Eid ya kuchinja kutakuwa na mtoto. Adeer Adow anakusalimu na anaomba asiulizwe mambo ya kiapo. Ikran anakusalimu kutoka chini ya shuka. Ramadhani inaingia mwezi ujao. Mwenyezi Mungu akufikishe ukiwa na afya, akubarikie rizki yako na nyumba yako, na atukutanishe kabla hajamchukua mmoja wetu mwingine.

Ukipiga, piga kwa video. Hooyo amejifunza. Zamani alikuwa akituonyesha dari na nusu ya paji la uso, siku hizi anaishika simu mbali, kwa mikono miwili, uso wote unaonekana. Usimhesabie mababu, amekwisha kuwasikia. Atakuambia ugeuze kichwa upande wa kulia, alione sikio la kushoto. Geuza tu, Abti, na ukae hivyo mpaka atosheke.

Mpwa wako anayekupenda na ambaye hajawahi kuacha,

Rukiyo (Mdomo)